Jinsi ya Kugeuza Picha Mnato Kuwa Video Mtandaoni, Hatua kwa Hatua

Ukibadilisha jina la faili kutoka "sherehe.jpg" kuwa "sherehe.mp4", hujatengeneza video. Umeibandika picha jina la uongo, na programu ya kuchezea video itakwambia faili imeharibika. Tunaanza na hilo kwa sababu halikomi kuulizwa. Yanayolifuata ni haya: mbona picha zimekuja shaghalabaghala, mbona kuna nafasi nyeusi pembeni, mbona video ina ukungu ilhali picha zilikuwa safi.

Karibu matatizo yote hayo huzaliwa kabla hujafungua tovuti yoyote. Tovuti zenyewe zinafanana sana. Kazi kubwa iko kwenye folda yako, na ukishaiandaa vizuri, kugeuza kwenyewe ni dakika chache.

Nadharia unayohitaji ni hii tu: video ni picha nyingi zinazopita haraka, kwa kawaida fremu 25 au 30 kila sekunde. Ukitaka picha moja ikae sekunde 4 kwenye video ya fremu 30, tovuti huirudia picha ileile mara 120. Basi.

Kabla ya kuanza, uwe na

- Picha zote ndani ya folda moja, zikiwa za JPG au PNG.
- Kompyuta yenye kivinjari kilichosasishwa, hasa Chrome au Edge. Simu inaweza pia, lakini picha zikizidi 15 hivi, kuziburuta kwa kidole ni adhabu, na ukihamia programu nyingine simu inaweza kuufunga ukurasa kabla kazi haijaisha. Kwenye simu ni heri usakinishe programu ya kuhariri video kuliko kutumia tovuti.
- Bando la kwenda na kurudi. Picha ya simu ya megapikseli 12 mara nyingi ina megabaiti 3 hadi 5. Picha 30 za namna hiyo zinaweza kupita megabaiti 100 kabla hujapakua hata video yenyewe. Hatua ya 5 inapunguza mzigo huu.
- Wimbo wa MP3, kama unautaka, ambao una haki ya kuutumia.
- Jibu la swali moja: video itatazamwa wapi? Televisheni, projekta au kompyuta inataka mlalo, pikseli 1920 kwa 1080. Video fupi za mitandao ya simu zinataka wima, 1080 kwa 1920. Kama picha zako ni mchanganyiko wa mlalo na wima na huwezi kuamua, mraba wa 1080 kwa 1080 ndio unaoumiza kidogo kuliko yote.

Kigeuzi au kihariri?

Hapa watu wengi hupotea njia. Kigeuzi ni tovuti ya kupakia JPG na kupokea MP4. Inafaa kwa picha moja, kwa mfano unapotaka kuweka wimbo au mahubiri juu ya bango moja ili upandishe YouTube. Ukikipa picha 20, vigeuzi vingi vitakurudishia video 20 za sekunde chache kila moja, zimefungwa kwenye faili ya ZIP. Tovuti haijakosea, imefanya ulichoiomba. Kabla ya kupakia, tafuta chaguo la kuunganisha picha zote kuwa video moja. Lisipokuwepo, ondoka.

Kihariri kina mstari wa muda chini ya skrini ambapo unapanga picha, sauti na maandishi. Clipchamp ya Microsoft na Canva ni mifano inayojulikana, na zote mbili zina matumizi ya bure ukijisajili kwa akaunti. Kwa picha zaidi ya moja, nenda kwenye kihariri moja kwa moja.

Onyo kabla ya kupakia chochote: picha za vitambulisho, vyeti, hati za hospitali na za watoto wa watu wengine usizipeleke kwenye tovuti usiyoifahamu. Picha ya simu pia inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa, na unapoipakia ikiwa halisi taarifa hiyo huenda nayo. Tovuti inayokutaka upakue programu kwanza ili "kukamilisha" video, au kiendelezi cha kivinjari, ifunge.

Hatua

1. Nakili picha kwenye folda mpya. Usifanyie kazi picha halisi. Utazigeuza, utazipunguza na kuzibadilisha majina, na ukikosea unataka pa kurudi. Chuja hapohapo: picha tatu za tukio moja zilizofanana, bakisha moja. Mtazamaji hana subira uliyo nayo wewe.

2. Hakikisha zote ni JPG au PNG. Picha za iPhone mara nyingi huwa HEIC, na tovuti nyingi huzikataa au huonyesha kisanduku kitupu. Zigeuze ziwe JPG kwanza. Kwa picha utakazopiga baadaye, fungua mipangilio ya kamera kwenye iPhone, ingia kwenye fomati, na uchague ile ya kuafikiana na vifaa vingi, iliyoandikwa "Most Compatible". Picha zilizohifadhiwa kutoka kwenye tovuti huenda zikawa WebP, nazo zigeuze.

3. Zisimamishe wima zilizolala. Simu haiizungushi picha yenyewe. Mara nyingi huandika tu maelekezo ndani ya faili kwamba "hii isomwe ikiwa imezungushwa". Simu yako huyatii, tovuti nyingine huyapuuza, na babu anatokea amelala ubavu. Dawa ni kufungua picha kwenye programu ya kuhariri, kuizungusha, na kuihifadhi upya ili mzunguko uwe wa kweli. Ikiwa picha inaonekana sawa kwako lakini inalala kwenye tovuti, izungushe mara nne mpaka irudi palepale, kisha hifadhi. Kwenye programu nyingi hilo linatosha kuiandika upya.

4. Zipe majina ya namba zenye tarakimu tatu. Tovuti nyingi hupanga faili kwa herufi, si kwa hesabu. Kwa macho yake, 10 inatangulia 2, kwa sababu herufi ya 1 inakuja kabla ya 2. Matokeo ni 1, 10, 11, 12, 2, 20, 3, na harusi inaanza na keki kabla ya bibi harusi kuingia. Andika 001, 002, 003.

Njia ya mkato ya Windows ya kuchagua zote na kubonyeza F2 haikusaidii hapa, kwani hutoa (1), (2), (10) bila sifuri za mbele. Mbinu nzuri zaidi ni kuruka kwa kumi: 010, 020, 030. Ukikumbuka picha uliyoisahau kati ya mbili, unaipa 015 na huhitaji kubadilisha majina ya zote zilizobaki.

5. Punguza vipimo. Picha ya megapikseli 12 ina pikseli 4032 kwa 3024. Video ya mlalo ina upana wa 1920 tu. Zilizobaki unazipakia kwa bando lako ili tovuti izitupe. Punguza upande mrefu uwe 1920, au 2560 kama utaikuza picha ndani ya video. Hifadhi JPG kwa ubora wa asilimia 85 hadi 90. Picha nyingi zitashuka chini ya megabaiti 1, na jicho halitaona tofauti.

Usifanye kinyume chake. Picha ya pikseli 640 ukiinyoosha hadi 1920 haipati undani mpya, inapata ukungu.

6. Chagua umbo la video kabla ya kuingiza picha. Kwenye kihariri chaguo hili huandikwa 16:9 kwa mlalo, 9:16 kwa wima, na 1:1 kwa mraba. Ukianza na mlalo na kubadili baada ya kupanga picha 30, utakatiwa vichwa vya watu na kuanza kurekebisha moja moja.

7. Pakia kwa mafungu. Picha kumi, subiri zimalizike, kumi nyingine. Mtandao ukikatika katikati ya fungu dogo hupotezi kila kitu. Kisha hesabu. Tovuti inaweza kuruka faili iliyoshindwa bila kusema neno, na utagundua video ikishasambazwa kwamba shangazi hayumo.

8. Amua: kuenea au kutoshea. Hii ndiyo hatua inayozaa nafasi nyeusi, na inafaa kuielewa kwa namba.

Picha ya simu iliyolala ina uwiano wa 4:3. Iweke kwenye video ya 1920 kwa 1080. Ukichagua itoshee nzima, itakuwa na upana wa 1440, na kila upande kutabaki weusi wa pikseli 240. Ukichagua ienee skrini yote, weusi unaondoka lakini picha inakatwa robo yake, nusu ya hiyo juu na nusu chini. Juu ndipo vilipo vichwa.

Picha ya wima kwenye video ya mlalo ni mbaya zaidi. Ikitoshea nzima inakuwa na upana wa 810 tu, na zaidi ya nusu ya skrini inabaki tupu. Ukiieneza, utaona kifua na mkanda. Kwa hiyo picha za wima ndani ya video ya mlalo zipange mbilimbili bega kwa bega, au jaza nyuma nakala ya picha hiyohiyo iliyokuzwa na kutiwa ukungu. Vihariri vingi vinayo namna hiyo ya mandharinyuma ya ukungu, na ni afadhali kuliko weusi.

Kosa la kutisha kuliko yote ni kuvuta kona ya picha mpaka ijaze skrini bila kulinda uwiano. Watu wananenepa. Hakuna sababu yoyote ya kufanya hivyo.

9. Weka muda. Sekunde 3 hadi 5 kwa picha ya kawaida. Picha yenye maandishi, isome kwa sauti polepole mara mbili. Muda huo ndio wake. Picha ya kundi kubwa ipe sekunde moja au mbili zaidi, kwa sababu kila mtu anajitafuta.

Ukitaka video ilingane na wimbo, piga hesabu, na ukumbuke kwamba kwenye vihariri vingi mpito, yaani namna picha moja inavyoipisha inayofuata, huzilalisha moja juu ya nyingine, hivyo hula muda. Chukua picha 24 na wimbo wa dakika 1 na sekunde 36, yaani sekunde 96. Wengi hugawa 96 kwa 24, wanapata 4, wanaridhika. Lakini picha 24 zina mipito 23, na mpito mmoja ukiwa nusu sekunde, jumla inaliwa sekunde 11.5. Video inaishia 84.5 na wimbo unaendelea juu ya skrini nyeusi. Ongeza zile 11.5 kwanza: 107.5 gawa kwa 24, unapata karibu 4.5. Weka sekunde 4.5 kwa kila picha na video itatoka 96.5. Tazama urefu unaoonyeshwa kwenye mstari wa muda. Usipopungua baada ya kuweka mipito, kihariri chako hakilalishi picha, na hesabu ya kugawa tu inatosha.

10. Mipito na mwendo. Chagua mpito mmoja, ule wa picha moja kufifia ndani ya nyingine, kwa nusu sekunde, na uutumie mwanzo hadi mwisho. Ukurasa unaojikunja, nyota zinazopasuka na moyo unaofunguka viache kwenye menyu.

Mwendo wa kuikaribia picha taratibu, ambao programu nyingi huuita kwa jina la Ken Burns, mtengenezaji wa filamu za kumbukumbu wa Marekani, unaifanya picha mnato ipumue. Kuza asilimia 5 hadi 10 tu. Elekeza kwenye uso, si katikati ya fremu, maana katikati mara nyingi ni koti. Picha zenye maandishi zisisogee kabisa.

11. Maandishi. Mistari miwili isizidi. Acha nafasi kila upande, angalau sehemu moja ya kumi ya skrini. Kwenye video ya wima acha zaidi chini, kwa sababu ndipo mitandao huweka jina la akaunti na vitufe vyake. Herufi nyeupe juu ya gauni jeupe hazisomeki. Weka kivuli au kibao cheusi chenye uwazi nyuma yake.

12. Sauti. Weka wimbo mwishoni, picha zikishatulia. Ukatie palepale video inapoishia na uufifishe kwa sekunde 2 au 3, usikatike kama redio iliyochomolewa. Wimbo maarufu ukiuweka kwenye video ya YouTube, mfumo wake wa Content ID unaweza kuutambua. Video inaweza kuzuiwa, kunyamazishwa au matangazo yake kumnufaisha mwenye wimbo. Kuutaja mwimbaji kwenye maelezo hakukupi ruhusa. YouTube ina maktaba yake ya nyimbo za bure kwa watengenezaji wa video, anzia hapo.

13. Toa video. Tafuta kitufe cha "Export" au "Download" na uchague hivi:

- Fomati: MP4. Ukiulizwa kodeki, yaani mbinu ya kubana picha na sauti ndani ya faili, chagua H.264 kwa picha na AAC kwa sauti. Mchanganyiko huu unachezwa na karibu kila kifaa.
- Ubora: 1080p. Chagua 720p kama video itaishia kwenye simu tu na bando ni dogo.
- Fremu: 25 au 30. Usiingie kwenye mtego wa kuweka fremu 1 kwa sekunde eti kwa sababu picha hazisogei. Mipito itaruka kama chura na baadhi ya vifaa vitagoma kucheza.

Kukisia ukubwa: kasi ya megabiti 8 kwa sekunde, ambayo YouTube inaipendekeza kwa 1080p ya fremu 30, inatoa megabaiti 60 kwa dakika. Picha zisizosogea mara nyingi huja chini ya hapo, kwa kuwa fremu inayofuata ni ileile na kodeki haina jipya la kuandika. Ukiweka mwendo kwenye kila picha, faili inapanda.

Ukiona alama ya tovuti kwenye onyesho la awali, haitaondoka yenyewe ukipakua. Kwenye Canva, kwa mfano, alama hutokana na kutumia picha au pambo la kulipia. Liondoe hilo na alama inaondoka nalo.

14. Tazama faili uliyopakua, si onyesho la tovuti. Yote, mpaka sekunde ya mwisho, na kwenye simu pia. Ndipo ufute folda ya kazi. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama hati, maana ukiituma kama video ya kawaida inabanwa na maandishi madogo yanakuwa uji.

Ikikwama

*Imesimama kwenye asilimia 99.* Kupakia kumekwisha, sasa fremu zinaunganishwa, na hapo asilimia haisogei sawasawa. Ngoja dakika kadhaa. Usipakie ukurasa upya. Funga vichupo vingine, hasa kwenye kihariri kinachofanya kazi ndani ya kivinjari, kwa sababu kinatumia kumbukumbu ya kompyuta yako mwenyewe.

*Sauti inasikika, picha nyeusi.* Faili imetoka kwa kodeki ambayo kifaa hakiijui, mara nyingi H.265 kwenye televisheni au simu ya zamani. Toa tena kwa H.264.

*Kigeuzi kinakataa picha moja tu.* Angalia vipimo vyake. H.264 ya kawaida inataka upana na urefu vigawanyike kwa 2. Picha iliyoskaniwa ya 1275 kwa 1651 inaweza kuleta ujumbe wa "not divisible by 2". Kata pikseli moja kwenye upana na moja kwenye urefu, iwe 1274 kwa 1650, itapita.

*Video nzima imepita kufumba na kufumbua.* Kigeuzi kimehesabu kila picha kuwa fremu moja. Picha 30 kwa fremu 30 ni sekunde 1. Tafuta sehemu ya muda wa kila picha uandike 4.

*Rangi zimekuwa kali au zimefifia.* Huenda picha imeandaliwa kwa uchapaji na ina rangi za CMYK, mfumo wa rangi wa wachapaji. Mabango yaliyotoka kwa mchapaji huwa hivyo. Ifungue kwenye programu ya picha na uihifadhi upya kwa RGB, mfumo wa rangi wa skrini.

*Nembo ya PNG imezungukwa na weusi.* Sehemu zake za uwazi zimejazwa nyeusi, kwani MP4 ya kawaida haina uwazi. Weka rangi ya nyuma unayoitaka kwenye picha yenyewe kabla ya kupakia.

*Picha zina ukungu ingawa video ni 1080p.* Fungua moja uangalie vipimo. Kama zilikufikia kwa WhatsApp zikiwa picha za kawaida, zilikwishabanwa njiani, na hakuna mpangilio wa tovuti utakaozirudisha. Mwombe aliyezipiga akutumie upya kama hati.

*Picha ya mwisho haionekani, au inapita kama umeme.* Mpito wa mwisho umeumeza muda wake. Iweke mara mbili mfululizo bila mpito kati yake, au iongezee sekunde 2.